Nyungunyungu Mwezi wa Mei

Asubuhi ile wadudu wa Mei walitoka majini kwa wingi hata nikasahau kwamba naogopa watu. Walipanda kutoka mto Ellet kama kumbikumbi baada ya mvua, mabawa bado mabichi, na samaki aina ya trauti wakawa wanawapokea juu juu: pwa! pwa! pwa! Kila nilipotazama niliona duara jipya linapanuka. Kwa pupa nikashindwa kupitisha mshipi kwenye tundu la ndoana. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikaulamba, ukapita.

Nilikuwa nimesimama ndani ya maji mpaka mapajani, hatua chache kutoka daraja la waenda kwa miguu, nimevaa koti la babu. Alfajiri ilikuwa imenyesha, na nilipokuwa natoka kwenye karavani yetu, nyumba yetu ya magurudumu, babu alinifuata mlangoni akanivisha kwa nguvu.

"Vaa hili. Lako linavuja."

"Babu, hili kubwa. Nitaonekana kama hema."

"Hema halilowi. Haya, nenda, samaki hawakungoji."

Nilishangaa kidogo. Babu yangu Hezekiah hakuwa mtu wa kunisindikiza. Tangu nipate kadi ya chama cha wavuvi, kila aliponiona nafunga manyoya kwenye ndoana alikuwa anaguna. "Manyoya," alikuwa anasema. "Samaki si paka, mjukuu wangu."

Kadi yenyewe ilikuwa ya majaribio, ya mwaka mmoja. Niliipata mwezi wa Machi, baada ya kamati kubishana jioni nzima. Sisi ni watu wa karavani. Hata kama tumekaa pale nyuma ya kiwanda cha matofali miaka thelathini na minne, mjini bado wanatuhesabu kuwa wapita njia. Na aliyetuharibia zaidi ni babu mwenyewe. Miaka thelathini na moja iliyopita alikamatwa mwezi wa Mei, mto umefungwa kwa chambo, nyungunyungu akiwa kwenye ndoana yake. Wakamfukuza chamani, na tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyepewa kadi, mpaka mimi.

Niliacha shule darasa la nne, na kusoma kwangu ni kwa kidole. Lakini bango lililoko kwenye geti la mto nalijua bila kulitazama. Kuanzia Machi kumi na tano hadi Juni kumi na tano, trauti tu, na kwa nzi wa kutengeneza tu, yaani manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana. Funza, mkate, jibini, nyungunyungu ni marufuku, viwe kwenye ndoana au mfukoni. Wakati huo samaki wengine wanataga mayai kwenye kokoto, na hao hawawezi kumwona nyungunyungu wakamwacha. Unyoya wanaupuuza, mara nyingi. Kwa hiyo mvuvi wa trauti anaachiwa unyoya. Na mtu mwenye kadi ya majaribio akikutwa na kosa moja tu la chambo, kadi imekwisha. Haombi tena.

Kadi ile nilikuwa nalala nayo chini ya mto wa kitanda. Nisikwambie uongo.

Basi nilikuwa nimemwona trauti mmoja ng'ambo, chini ya mizizi ya mti ulioinamia maji. Hakuwa anaruka kama wenzake. Alikuwa anainua pua tu, polepole kama mzee anayeonja supu, na mdudu anapotea. Wadogo hupiga kelele. Mkubwa hana haraka.

Nikarusha. Nzi wangu akaangukia mbali. Nikarusha tena, akanasa kwenye tawi, nikamnasua kwa bahati.

"Heeee!" sauti ikatoka juu. "Unavua ndege sasa?"

Sikuhitaji kugeuka. Babu alikuwa amesimama katikati ya daraja, mikono juu ya chuma, kofia nyuma ya kichwa. Ukingo wa mto haruhusiwi kuukanyaga, lakini daraja ni njia ya umma, na hilo alilijua vizuri.

"Babu, nyumbani kuna kazi."

"Kazi itanisubiri. Nimekuja kucheka."

"Cheka kimyakimya basi."

"Kimyakimya siwezi, nina mapafu mazuri."

Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimemfunga nzi yule kwa manyoya ya bata na uzi wa manjano, siku nne mfululizo, nikifumua na kufunga upya mpaka akakaa juu ya maji sawasawa na wale wa kweli. Nikarusha mara ya tatu. Akatua juu kidogo ya mizizi, mwepesi, akaanza kuteremka na maji. Nikaacha kupumua.

Pua ikainuka.

Sikuona kitu kingine. Nilihisi tu mkono mzima unakwenda, ufito ukapinda mpaka kwenye kishikio, na kigurudumu cha mshipi kikaanza kulia: zrrrrrr! Yule trauti akashuka na mto kama kitu kilichoachiwa kutoka mlimani.

"Mungu wangu!" babu akapiga kelele. "Mungu wangu, Kezia! Umempata! Mvute! Mvute huyo!"

"Usivute!" sauti nyingine ikaja kutoka ukingoni. "Mpe mshipi! Mwache akimbie!"

Alikuwa Bi Maureen Garside, mlinzi wa mto. Mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, buti za kijani mpaka magotini, daftari limening'inia shingoni kwa kamba. Ndiye aliyemkamata babu mwaka ule, na ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini. Ndiye pia aliyesimama kwenye kamati kunitetea. Sijawahi kumwuliza kwa nini. Kila akinisalimia mimi hutazama buti zake.

"Usimsikilize huyo mwanamke!" babu akaita. "Mvute kabla hajafika kwenye mawe!"

"Hezekiah, nyamaza! Huko juu ni njia ya watu, si mimbari!"

"Maureen, bado hujastaafu?"

"Nilikuwa nakungoja ufe kwanza, nistaafu kwa amani!"

Mimi nilikuwa siwezi hata kuwacheka. Samaki alikuwa amesimama chini ya mawe, anatikisa kichwa, na kila akitikisa nilikuwa nausikia moyoni. Kisha akageuka akaja upande wangu kwa kasi, mshipi ukalegea, nikawa nausokota kama mwehu. Maji yaliniingia kwenye buti zangu ndefu za kuvulia. Sikujali. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

"Vizuri!" Bi Garside alikuwa anakimbia ukingoni na wavu wake wa mkono. "Vizuri, binti! Inua ufito! Naja, naja nikusaidie!"

Hapo ndipo babu akanyamaza.

Nikainua macho, maana babu kunyamaza si kawaida. Alikuwa amekodoa macho, anamtazama Bi Garside anavyonikaribia. Akanitazama mimi. Akajipiga kifuani kwa kiganja, upande wa kushoto, mara tatu. Kisha akainua kidole kimoja, akakikunja na kukikunjua, akakikunja na kukikunjua. Akajipiga kifua tena.

Bi Garside akasimama. "Ana nini huyo?"

Babu akashtuka kuona ameonekana. Akabaki na mkono kifuani. Nikamwona anafikiri, na babu akifikiri uso wake wote hufanya kazi. Kisha akakunja uso, akasema "Aaah," akajishusha taratibu kwenye mbao za daraja.

"Moyo!" Bi Garside akatupa wavu. "Ni moyo! Hezekiah! Kaa hapohapo, usisimame!"

Akageuka akakimbilia ngazi za daraja. Mama yule ana magoti mabovu, mji mzima unajua, lakini alizipanda zile ngazi akivuta chuma kwa mikono yote miwili. Mimi pia niliamini. Nikataka kutupa ufito nimkimbilie babu. Lakini kati ya vyuma vya daraja nikaona jicho lake moja liko wazi, linanitazama, na mkono wake chini chini unaonyesha: wewe, koti, ndani. Kidole kikajikunja tena. Kisha akafanya kama mtu anayetupa kitu majini.

Nikaingiza mkono wa kushoto mfuko wa ndani wa koti. Kulikuwa na kopo lake la tumbaku. Kifuniko kilikuwa kimelegea, na kidole changu kikagusa majani mabichi, ya baridi, na kitu laini ndani yake kikasogea.

Nyungunyungu.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Koti. Kunisindikiza mlangoni. Hakutaka kunidhuru. Alikuwa ameniwekea akiba, mzee yule, kwa sababu hakuamini hata kidogo kwamba manyoya yatamlisha mtu, na hakutaka nirudi nyumbani mikono mitupu na watu wa chama wakinicheka. Aliniwekea kama mwingine anavyomwekea mtoto wake mkate wa njiani.

Na mimi nilikuwa ndani ya mto uliofungwa, na chambo mfukoni, na kadi yangu mfuko wa pili.

Maji yalikuwa na kina pale. Kopo ni la bati, lingezama. Bi Garside alikuwa amenipa mgongo. Ilikuwa ni kufungua vidole tu. Samaki akavuta, nikampa mshipi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukatoka kwenye koti na kopo ndani yake, ukashuka mpaka ukagusa maji.

"Usinifie, Hezekiah!" Bi Garside alikuwa analia juu kule. Nasema alikuwa analia, sauti ilikuwa imepasuka. "Usinifie, mjinga wewe! Nani ana simu? Kezia, una simu?"

Mguu wake ukateleza kwenye ngazi iliyolowa. Akaanguka goti moja, akainuka.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Mimi ni mtu ambaye dukani naelekeza kwa kidole kuliko kusema ninachotaka. Lakini nilipiga kelele mpaka bata wakaruka.

"Haumwi! Bi Garside, rudi, haumwi! Ni nyungunyungu! Ninao! Ninao mfukoni!"

Bi Garside aliganda katikati ya ngazi, mkono kwenye chuma. Babu akafungua jicho la pili.

"Aibu gani hii," akasema, na sijui alikuwa anamwambia nani.

"Huumwi?" Bi Garside akamwuliza.

"Nimepata nafuu sasa hivi."

"Ningekuwa na nguvu ya kufika hapo juu, ningekupa cha kukuumiza!"

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimeinua kopo juu ya kichwa, ili alione, na mkono wa pili umeng'ang'ania ufito.

"Bado unaye?" akauliza.

"Bado ninaye."

"Basi samaki kwanza. Kanuni haitakimbia."

Akashuka, akachechemea, akaokota wavu na kuingia majini na buti zake fupi, maji yakamwingia yote asijali. Alisimama pembeni yangu, bega kwa bega, na harufu yake ilikuwa ya chai na mbwa. "Mlete. Polepole. Kichwa chake juu. Hivyo. Hivyo hivyo, mwanangu." Trauti alikuja ubavu, akatuona, akakimbia tena, nikapiga ukelele, Bi Garside naye akapiga. Mara ya pili akachoka. Wavu ukapita chini yake.

Alikuwa wa rangi ya siagi tumboni, madoa mekundu ubavuni, na mdomo ungeingia ngumi yangu. Bi Garside hakumtoa majini. Alifungua ule mdomo kwa kidole gumba akaangalia. Pembeni kabisa, kwenye ngozi ngumu ya taya, alikuwa amekaa nzi wangu wa manjano, manyoya yamelowa.

"Nzi," akasema kwa sauti, kama anayesoma. Akampima kwa alama alizochora kwenye mpini wa wavu. "Sentimita sitini na mbili. Mwanamume wa mwisho kuniletea wa namna hii alihadithia miaka sita." Akang'oa ndoana, akanipa samaki mikononi. "Mwelekeze maji yanakotoka. Apumue kwanza."

Nikamshika. Nilihisi nguvu zinamrudia, kidogo, kidogo zaidi, kisha akapiga mkia akaenda.

Juu ya daraja babu alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Kwa unyoya?" akasema. "Mkubwa vile? Kwa unyoya wa bata?"



Ukingoni Bi Garside alifungua kopo. Nyungunyungu walikuwa safi, wekundu, wanang'aa ndani ya yale majani mororo yaotayo juu ya mawe. Aliwatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Siku tatu kwenye majani, kuwatoa udongo," akasema.

"Nne," babu akajibu kutoka juu. Hakuweza kujizuia.

"Kazi nzuri. Ungeifanya mwezi wa saba ningekupongeza." Akawamwaga chini ya ua wa miba, akanirudishia kopo tupu, akafungua daftari. Aliandika polepole. Alipomaliza akanyoosha mkono na mimi nikampa kadi. Sikungoja aseme.

"Ungeweza kuliachia kopo majini," akasema.

"Ndiyo."

"Nisingejua kabisa."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuliachia?"

Nilitaka kutazama buti zake, lakini zilikuwa zimejaa maji na zilinitia huruma, nikamtazama usoni. "Ulianguka," nikasema. "Kwenye ngazi."

Alifunga daftari, akaenda zake.

Kamati ilikutana Alhamisi, saa moja jioni, jua bado lipo, kwenye chumba cha juu cha baa ya Daraja. Watu tisa mezani. Nilikaa karibu na mlango, mikono chini ya mapaja. Babu alikuja na mimi. Alikuwa amevaa tai, na alipoingia mazungumzo yakakatika, maana chumba kile hakuwa amekikanyaga miaka thelathini na moja.

Mwenyekiti, Bwana Ollerenshaw, hakuzunguka. "Tulisema kosa moja. Wote tulikubali. Chambo kilikutwa au hakikukutwa?"

"Kilikutwa," Bi Garside akasema. "Nasoma nilivyoandika. 'Nyungunyungu kwenye kopo, mfuko wa koti. Ndoanani nzi. Samaki trauti mmoja, amerudishwa. Mwenye kadi alijitaja mwenyewe, kabla sijauliza, wakati mimi sioni.'"

"Kujitaja hakufuti kosa."

"Sikusema kunafuta. Nasoma."

"Na hao nyungunyungu walifikaje mfukoni?"

"Niliwaweka mimi," babu akasema.

Mtu mmoja akacheka. Babu akamtazama mpaka akaacha.

"Niliwaweka mimi, na yeye hakujua. Mwaka ule mliponifukuza nilisema nyungunyungu wale hawakuwa wangu. Walikuwa wangu. Nilidanganya kwenye chumba hikihiki. Huyu hadanganyi. Sijui amerithi kwa nani, si kwangu." Akakohoa. "Niliwaweka kwa sababu sikuamini kama anaweza. Nilikuwa darajani nikaona. Anaweza. Basi kama mnataka kumfukuza mtu, nifukuzeni mimi tena."

"Wewe ulishafukuzwa, Hezekiah," Bwana Ollerenshaw akasema, "huwezi kufukuzwa mara mbili."

"Jaribuni."

Safari hii walicheka wengi. Lakini mimi sikuweza. Mwenyekiti alikuwa anasugua paji la uso, na nilimsikia anasema kanuni ikipindishwa kwa mmoja itapindishwa kwa wote. Kisha Bi Garside akasema hakuomba ipindishwe. Binti alikutwa na chambo mto ukiwa umefungwa, basi mto ubaki umefungwa kwake, hata kwa nzi, mpaka utakapofunguliwa kwa watu wote. Hiyo ni adhabu, na wadudu wa Mei watakuwa wameisha, na kila mvuvi pale mezani anajua inavyouma. Baada ya hapo arudishiwe kadi yake.

"Wanaokubali," mwenyekiti akasema.

Nilizoea kutazama meza. Jioni ile nilitazama mikono. Wa Bi Garside ulikuwa wa kwanza. Ukaja wa yule aliyecheka. Mmoja, mwingine, mwingine. Mikono sita. Bwana Ollerenshaw mwenyewe hakuinua, lakini aliihesabu mara mbili na kuiandika sawasawa.

Nilishuka ngazi za baa kwa kuruka mbili mbili. Nje nilimkumbatia babu, tai yake ikanikwaruza shavu, na nikasema sana, maneno mengi ya ovyo, ambayo hata sikumbuki. Babu alikuwa ananipigapiga mgongo na kusema haya, haya, watu wanatuona.

Bi Garside alitukuta hapo mlangoni, anavaa koti.

"Juni kumi na sita," akaniambia. "Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye geti. Nitakuwa na kadi yako."

"Nitakuja saa kumi na moja," nikasema.

"Nitakuwa nimelala. " Akamgeukia babu. "Na wewe, Hezekiah?"

"Mimi najua mahali pangu. Darajani."

"Darajani. Ukae kwenye benchi, mikono nje ya mifuko." Akafunga kifungo cha juu, akashuka hatua moja, akashika goti. "Na usiumwe moyo tena kwangu. Siku utakayoumwa kweli, nitakupita tu kama sikukuona."

"Hutaweza, Maureen," babu akasema. "Ulilia."

"Nilikuwa nimechoka!"

Akaondoka anachechemea kuelekea kwenye gari lake, na babu akabaki pale mlangoni anacheka, kofia mkononi, mpaka gari likapinda kona.